Wakili wa Bendi Nisiyoipenda

Miaka kumi na miwili nimesikiliza bendi nisiyoipenda, asubuhi mpaka jioni, na hakuna aliyenishikia fimbo. Nilijitia kitanzi mwenyewe kwa neno moja, siku ya kwanza ya kazi, halafu nikawa nakikaza kila Ijumaa kwa mdomo wangu huu huu. Ukinionea huruma, shauri yako. Mimi sijionei.

Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia. Usicheke. Daktari anachukua chapa ya kinywa cha mgonjwa, anatuletea, sisi tunamimina plasta, tunapata umbo la fizi, tunajenga kwa nta, tunapanga jino moja moja, tunapika, tunasugua, tunang'arisha. Mtu aliyekuwa anacheka kwa kuziba mdomo na kiganja anatoka kwa daktari akicheka kama watu wengine, wala hajui kuna watu wanne ghorofa ya pili, chumba cha nyuma, waliobishana siku mbili kwa ajili ya meno yake ya mbele. Chumba chenyewe kirefu na chembamba. Meza nne zimeegemea ukuta, kila moja na taa yake. Dirisha ni moja, na linatazama ukuta wa jirani. Vumbi jeupe limejaa kila mahali, mpaka kwenye kope. Na juu ya meza ya mwisho, kwenye rafu iliyofunikwa nailoni, kuna mashine ya kupigia santuri.

Meza hiyo ya mwisho ilikuwa ya Mwalimu. Ndiye aliyekuwa mkuu wetu, na tulimwita hivyo kwa sababu kila mtu mle ndani alifundishwa na yeye. Siku nilipokwenda kuomba kazi nilikuwa na miaka ishirini na minne, cheti mkononi, viatu vya kuazima. Cheti hakukitazama. Alikuwa anapanga meno kwenye nta, akaniuliza bila kuinua kichwa, "Unasikiliza nini, kijana?"

"Nasikiliza nini, vipi?"

"Muziki."

Roki nilikuwa naipenda, hilo si uongo. Ila niliipenda ya bendi moja ya taratibu ambayo sisi mashabiki tuliiita Mawingu, maana jina lao halisi lilikuwa la kuvunja ulimi, na magitaa yao yalikuwa yanapita polepole, hayana haraka na mtu. Nikafungua mdomo niseme Mawingu. Macho yakaniangukia ukutani, juu ya kichwa chake: jalada jeusi la santuri limetiwa fremu kama picha ya mzazi. Lilikuwa la bendi nyingine, ile ambayo mashabiki wote waliiita Radi. Nilihitaji kazi, jamani. Nikalinyooshea kidole. "Hawa."

"Albamu ipi?"

Nikabahatisha. "Ya kwanza."

Mwalimu akaweka kisu chini, akasimama, akanipa mkono uliojaa nta. "Kesho saa mbili," akasema. Mpaka leo sijui kama cheti changu alikisoma.

Ngoja nikueleze Radi ni watu gani. Wimbo wao mfupi kuliko zote ni dakika saba. Mpiga dramu wao hajawahi kuambiwa kwamba wenzake nao wamekuja kazini. Mwimbaji anaimba kama mtu aliyekanyagwa kidole na anayemkanyaga hataki kutoka. Kuna wimbo katika ile albamu nyeusi ambapo gitaa linarudia kitu kile kile mara themanini na nne. Nimehesabu. Ukiwa unasugua meno ya mtu una nafasi kubwa ya kuhesabu. Sisemi ni wabaya. Wapo watu wenye akili zao wanaowasikiliza mpaka machozi yanawatoka, na mmoja wao alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu. Mimi tu hawakuniingia, na jambo la kuingia au kutoingia huwezi kulilazimisha.

Wenzetu wengine wawili walikuwa Mama Plasta na Kipara. Mama Plasta ndiye aliyemimina plasta, mtu mzima, mikono mipana, mdomo hauna breki. Yeye alikuwa mtu wa bendi za kasi, nyimbo za dakika mbili, piga ondoka. "Wimbo ukizidi dakika tatu," alikuwa akisema, "plasta yangu inaganda." Kipara, ambaye alikuwa na nywele nyingi kuliko sisi sote na ndiyo maana tukamwita hivyo, alikuwa mpole, haendi mbio, hapandishi sauti. Na Kipara, nakwambia, alikuwa shabiki wa Mawingu. Alisema wazi siku ya kwanza, Mwalimu akaguna, na kazi akapewa vile vile. Hilo nililijua baadaye, nilipokuwa nimeshachelewa.

Kila Ijumaa saa kumi jioni mashine ya kung'arishia inazimwa, chai inamiminwa, kesi inaanza. Albamu moja inashitakiwa. Mwenye bendi yake anaitetea, wengine wanaishambulia, hakuna kukatizana, hakuna kutajiana wazazi. Mwishoni kura zinapigwa kwa meno. Kila mtu anatumbukiza jino moja kwenye kikombe cha plasta, gego likiwa ni la hatia na jino la mbele ni la kuachiwa huru. Albamu ikipatikana na hatia haipigwi mle ndani mwezi mzima.

Mwalimu, pamoja na mapenzi yake yote, hakuwa na maneno. Akiitetea Radi anaishia kusema, "Lakini sikilizeni!" na kuongeza sauti. Kwa hiyo alikuwa anashindwa, na ile nyeusi yake, kila mwezi ikihukumiwa upya, ilikuwa imekaa kifungoni karibu nusu ya mwaka. Alipodhani amepata mwenzake, akanikabidhi utetezi.

Ijumaa yangu ya pili nikasimama. Chai inamwagika kwenye sahani. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima, na maneno yote yakanipotea. Kilichonitoka ni ukweli mtupu: "Kusema kweli, mimi bendi hii siipendi."

Mama Plasta akaacha kutafuna. Nikamwona Mwalimu uso unavyomshuka, na haukushuka kwa hasira, bali kwa upweke, kama mtu aliyedhani anasindikizwa, akageuka akakuta yuko peke yake barabarani. Sikuweza kuuvumilia ule uso. Mdomo ukanitangulia: "Siipendi kama mtu anavyopenda soda. Soda unaipenda, unaimaliza, unaisahau. Hawa wananikera. Wananikera nikiwa naoga, wananikera nikiwa nakula, nikinyamaza ndiyo wanazidi. Sasa nawauliza nyie: kitu kisichokuachia ni kitu kibaya, au ni kitu kikubwa?" Nikaendelea robo saa. Sijui nilikuwa naongea nini, najua tu kwamba ule uso ulikuwa unarudi juu taratibu, na mimi nilikuwa naufuata.

Kikombe kilipomwagwa yakatoka meno matatu ya mbele na gego moja. Gego lilikuwa la Mama Plasta, na hata yeye alitikisa kichwa akasema, "Huyu si fundi. Huyu ni wakili." Jina likanasa.

Tangu siku hiyo kila utetezi wangu ulianza hivyo hivyo. Nasimama, nashusha pumzi, nasema siipendi bendi hii, halafu naugeuza mchezo. Wenyewe wakaupa jina: kukana. "Leo kakana vizuri," Kipara anasema. Nikisahau, Mwalimu ananikumbusha, "Hujakana, mwanangu," na anakaa vizuri kwenye kiti kungoja ile sehemu ya pili. Unaona balaa lake? Maneno pekee yaliyoweza kunitoa mle ndani nilikuwa nimeyageuza kionjo. Kila wiki nasema ukweli mbele ya watu watatu, na kila wiki wananipigia makofi.

Na Mawingu je? Mawingu ilikuwa ya Kipara, na Kipara kuitetea hajui. "Ni nzuri," anasema. "Inatuliza." Basi, kamaliza. Nakaa pale, najua kabisa anachopaswa kusema, naijua ile sekunde katika wimbo wa nne ambapo besi inachelewa kidogo kuingia na kifua chote kinaachia. Ninachofanya ni kusimama na kuwaambia huu ni muziki wa kusubiria daktari. Watu wanacheka. Kipara mwenyewe anacheka, anakuna nywele. Siku moja niliikandamiza albamu yao ya pili mpaka ikatoka na magego manne. Manne! La Kipara limo. "Umenishawishi, Wakili," akaniambia kwenye ngazi, bila kinyongo hata kidogo, na sikumsikia tena akiitaja. Nilifika nyumbani nikalia, mtu mzima na familia yangu.

Mke wangu alinikuta siku moja bafuni, mlango nimefunga, simu iko juu ya ndoo, Mawingu inapiga chini chini.

"Wewe, kuna nini humo?"

"Naoga."

"Maji hayasikiki." Akafungua. Akaiangalia simu, akaniangalia na nguo zangu kavu. "Mwanamume mzima anajificha na gitaa kama anaongea na hawara! Mwambie tu yule mzee. Kwani atakung'oa meno?"

Watu wanadhani nilimwogopa. Wapi! Nilimpenda, na hapo ndipo mlango ulipofungwa. Kila ninachokijua kanifundisha yeye. Kanifundisha nisimpe mtu meno mazuri kupita kiasi. "Mpe yake," alikuwa akisema, "yule mke wake amjue." Mwanangu wa kwanza alipolazwa, Mwalimu alikuja akakaa nami kwenye benchi la hospitali siku tatu. Hasemi kitu, anapiga tu kwa vidole gotini ule wimbo wa themanini na nne. Mtoto alipona. Sasa mtu wa namna hiyo unamfuata siku gani, saa ngapi, umwambie kwamba ulimdanganya kwa sababu ya kazi?

Basi nikawa naahirisha. Mwaka ukapita, na mwingine, na mwingine.

Mwaka huu mikono ya Mwalimu ikaanza kumsaliti. Kilianza kikombe, kikafuata kisu. Meno aliyoyapanga yeye nikawa nayanyoosha akitoka kwenda msalani, na nadhani alijua. Asubuhi moja alikuwa anaishusha sindano kwenye santuri, mkono ukamruka, sindano ikakwaruza kutoka ukingoni mpaka katikati. Sote tuliisikia. Mama Plasta aliinamia ndoo yake.

Jumatatu iliyofuata Mwalimu akatuambia anastaafu mwisho wa mwezi. "Na santuri zangu," akasema, "za hapa na za nyumbani, mia moja na kumi na tatu, pamoja na mashine ya nyumbani, nampa Wakili. Mimi siwezi tena kuzishika. Nataka nizione zinakwenda wapi nikiwa na macho yangu."

Kipara akanipiga bega. Mimi nilikuwa nimeshika kinywa cha mtu cha plasta, na vidole vikazidi kukibana mpaka kikavunjika.

"Na binti yako je?" Mama Plasta akauliza. "Si unaishi naye?"

"Huyo?" Mwalimu akasonya. "Huyo ni mtu wa ya tatu."

Hapo inabidi nieleze. Radi walitoa albamu saba. Ya tatu, yenye jalada la kijani, waliingiza piano. Kwa Mwalimu ule ulikuwa usaliti, haujadiliwi. Sasa binti yake, alipokuwa na miaka kumi na mitano, alisema mezani mbele ya wageni kwamba ya tatu ndiyo bora kuliko zote. Ndiyo hayo tu. Miaka ishirini na tano imepita. Binti amekuwa mshona mapazia, anaishi na baba yake, anampikia, anampeleka kliniki, na mashine ya santuri hajaruhusiwa kuigusa. "Atanipigia ya tatu," mzee anasema. Nilipokuwa nikienda kwao Jumamosi kusikiliza naye, dada huyo alikuwa chumba cha pili, cherehani inakwenda. Nilidhani hasikii.

Siku mbili baada ya tangazo alikuja kazini kumletea baba yake miwani. Akitoka akanikonyeza, nikamfuata kwenye ukumbi, tukasimama kati ya magunia ya plasta.

"Kaka, nina neno."

"Sema, dada."

"Wewe Radi huwapendi."

Nikatoa kicheko changu cha Ijumaa. "Nani kakwambia? Waulize hao ndani, watakwambia nani..."

"Sikuulizi. Nakwambia." Hakupandisha sauti. "Mnapokaa na baba mnasikiliza, mlango wangu huwa wazi. Mtu anayeupenda wimbo anautangulia. Kichwa kinainuka kabla pale pazuri hapajafika. Cha baba kinainuka. Changu kinainuka, niko kwenye cherehani. Chako kinainuka baada ya kumwona baba."

Nilitaka kumkumbatia, nakwambia kweli. Miaka yote hiyo, na kumbe kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyekuwa ananijua, amekaa nyuma ya mlango na pini mdomoni.

"Nilikuwa na miaka kumi na minne mama alipofariki," akasema. "Baba maneno hana, unamjua. Jioni alikuwa anaweka santuri, anaacha mlango wazi. Hakuna kingine alichoniambia mwaka ule mzima. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, kaka. Na sasa unakuja na pikapu kunibebea."

"Mwombe basi."

"Nimemwomba. Anasema nitapiga ya tatu." Akacheka kidogo, akafuta macho na kiganja. "Na kweli nitaipiga. Lakini akisikia kwako wewe, kwamba huzitaki, atanipa mimi. Hana mwingine. Mwambie. Niahidi."

"Nakuahidi, dada."

"Usimpelekee maneno yenu ya Ijumaa."

"Simpelekei."

Jumamosi nikaenda. Dereva wa pikapu nikamwambia asizime gari, maana nilikuwa na hakika narudi mikono mitupu. Sebule ilikuwa safi, mapazia mapya, kabati la santuri wazi na tupu. Zote zilikuwa zimeshapangwa kwenye maboksi, na maboksi yamepangwa kando ya mlango. Mwalimu alikuwa kwenye kochi lake, mikono ameikalia ili isionekane.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Gari lipo?"

"Lipo. Lakini kwanza nina neno." Nikapiga moyo konde. Sikukaa. "Mwalimu, mimi Radi siwapendi."

Uso ukamchanua. Naapa, sijawahi kumwona akifurahi hivyo. Akaitoa mikono ilipofichwa, akaegemea, akafumba macho. "Haya," akasema. "Ngoja nikae vizuri." Kisha akaita, "Wewe, acha cherehani! Njoo usikie mwenzio anavyokana. Ndiyo mara ya mwisho hii, njoo!"

Cherehani ikanyamaza. Dada akaja akasimama mlangoni, utepe wa kupimia shingoni, sinia la maji mkononi.

"Sitanii, Mwalimu," nikasema. "Sijawahi kuwapenda. Siku ile ya kwanza nilisoma jina kwenye jalada. Nilikuwa nataka kazi."

"Aa!" Akapiga goti. "Hiyo mpya! Leo umeanza mbali. Endelea."

"Mwalimu, nisikilize. Ndiyo mwisho, hakuna sehemu ya pili. Siwapendi tu."

"Ndiyo, ndiyo. Hivyo hivyo."

Akangoja. Nami nikanyamaza, nikasema moyoni, nyamaza, nyamaza tu, kimya kitamwambia. Nikahesabu mapigo ya moyo. Nilimwona dada ananitia moyo kwa macho. Na kimya kikaanza kufanya kazi yake, kwa sababu tabasamu la Mwalimu likaanza kulegea pembeni. Akafumbua macho. Mikono mapajani ikazidi kutetemeka. "Mwanangu?" akasema. Na ule uso, ule wa Ijumaa ya pili, nikauona unarudi, ila sasa ulikuwa na miaka kumi na miwili zaidi na hakuna Ijumaa nyingine mbele yake.

Sikuweza. Sina cha kujitetea. Sikuweza.

"Nitawapendaje?" nikasema. "Walinikuta sina kazi, viatu si vyangu. Wakanikalisha meza ya pili kutoka mwisho, karibu na mtu aliyenifundisha kumpa kila mtu meno yake. Mwanangu alipolazwa, walikaa na mimi kwenye benchi siku tatu, wala hawakuniuliza kitu. Kitu cha namna hiyo huulizwi kama unakipenda. Umeshakuwa wake. Ukikichukia, utakichukia ukiwa wake. Nimewasikiliza siku ambazo sikutaka kusikia chochote, na kila siku hiyo nilijua kwamba nikigeuza kichwa kuna mtu. Mkinipa nichague bendi nyingine, nzuri zaidi, laini zaidi, inayonifaa zaidi, nitauliza kwanza: na yule mtu atakuwepo?"

Kila neno lilikuwa kweli. Nilikuwa namsema yeye. Lakini jina lililokuwa chumbani lilikuwa la Radi, na kadiri nilivyosema kweli ndivyo zile santuri zilivyozidi kuwa zangu. Nililijua hilo huku naongea, na niliendelea kuongea.

Mwalimu alilia, machozi yakateremka mpaka shingoni, hakuyafuta. "Wote huru," akasema. "Wote huru, mwanangu." Dada aliniangalia mpaka nikamaliza. Kisha akaweka sinia mezani, akainama, akanyanyua boksi la kwanza yeye mwenyewe, akatoka nalo.

Nikamkuta kwenye pikapu anayafunga maboksi kwa kamba. Alikuwa anafunga vizuri, fundo moja moja, yasije yakahama njiani.

"Dada, nisamehe. Nitakuletea moja moja, kwa siri."

"Utaleta wapi? Kwenye nyumba ambayo baba yumo ndani?"

"Basi siku moja... baadaye..."

Akasimama wima. "Baadaye lini, kaka? Unataka nianze kungoja baba yangu afe ili nisikie muziki?"

Mimi Wakili nikamshikia ncha ya kamba. Akavuta kamba ya mwisho, akamwambia dereva aende polepole kwenye mashimo, akarudi ndani.

Santuri sasa zimejaza ukuta mzima wa sebule yangu. Mke wangu alizitazama zinavyoingia, boksi baada ya boksi, mikono kiunoni. "Meza ya watoto tutaitupa wapi?" akauliza, na nilipomweleza yaliyotokea hakunigombeza. Alisema tu, "Maskini yule dada," akaanza kusogeza viti. Ningependa angenigombeza. Kazini nimepewa meza ya mwisho. Ijumaa kesi bado zipo, na nikisimama Mama Plasta anasema, "Haya, kana tukusikie."

Jumapili ya kwanza saa kumi jioni simu ikaita. "Umeweka ipi?" Mwalimu akauliza.

Nilikuwa sijaweka kitu. "Nyeusi, Mwalimu."

"Nisikilizishe."

Nikakimbilia ukutani, nikaichomoa, nikashusha sindano, nikashika simu mbele ya spika. Dakika kumi na moja nimeinama, mgongo unauma, naye upande wa pili anapumua taratibu. Tangu siku hiyo hajakosa hata Jumapili moja, na mimi sijathubutu kutoka nyumbani Jumapili saa kumi. Mke wangu anawachukua watoto anawapeleka kwa mama yake. Nyuma ya pumzi za mzee huwa inasikika cherehani, trrr, trrr, trrr, haisimami.

Jumapili iliyopita ikasimama. Nikasikia kiti kinaburutwa.

"Nani huyo, Mwalimu?"

"Binti yangu." Sauti yake ilikuwa na aibu kidogo. "Kaacha kushona, kaja kukaa hapa. Eti anaomba ya tatu, wimbo mmoja tu. Nimemwambia mimi sina usemi, mwenye santuri ni wewe. Amua wewe."

Mtu anaomba kwangu, kwa simu, muziki wa nyumbani kwao. Niliitafuta ile ya kijani mpaka jasho likanitoka. Dada akasema kwa mbali, "Upande wa pili, wa kwanza, kaka," nikashusha sindano pale. Piano ikaanza. Nilimsikia dada anavuta kamasi, na Mwalimu hakuguna.

Wimbo ulipokwisha, mzee akakohoa. "Haya, amesikia," akasema. "Sasa rudisha yetu."

Nikarudisha yetu.